Modeli zinaongea na databezi nyuma yako: majibu ya maswali yenu ya Laravel

Mwezi huu maswali mengi mliyotuma ni ya Laravel, na karibu yote yanaangukia sehemu moja, modeli. Kwa ambaye bado hajaigusa, Laravel ni fremuweki (kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti) ya lugha ya PHP aliyoitoa Taylor Otwell mwaka 2011, na ndani yake kuna kitu kinaitwa Eloquent ambacho kazi yake ni kuongea na databezi kwa niaba yako, yaani kila tebo unaipa klasi yake, hiyo ndo modeli, na kila rekodi unaishika kama kitu kimoja kwenye msimbo, huandiki SQL, ile lugha ya databezi, kabisa ukitaka. Tamu sana hii, mi mwenyewe naipenda. Ila ndo hapo hapo watu wanapoumia, coz we umeandika neno moja tu halafu huko nyuma zimeondoka kwiri, yaani maombi kwa databezi, mia nane na huna habari. Kwenye majibu yote ya leo mtaona narudia jambo hilo hilo, ulichoandika kinatuma nini kule databezi? Haya twende.

Habari kaka. Nimetengeneza mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Mwanzo ulikuwa unaruka vizuri tu, sasa hivi ukurasa wa ankara unachukua muda mpaka mtu anaanza kupiga stori nyingine. Ankara zinazoonekana hapo ni kama 400 tu, kila moja na jina la mteja na malipo yake. Bosi anasema tuhamie seva kubwa zaidi. Nimwambie alipie?

Hapana ndugu yangu, asilipie kitu kwanza. Fungua kile kipande kinachochora ukurasa, nina uhakika utakuta umeita `Ankara::all()` halafu kwenye lupu unaandika `$ankara->mteja->jina` na chini yake `$ankara->malipo`. Sasa hesabu na mimi. Kwiri moja ya kuleta ankara zote, halafu kwa kila ankara kwiri moja ya kumtafuta mteja na nyingine ya kutafuta malipo, kwa ankara 400 unapata 1 + 400 + 400, yaani kwiri 801 kwa mtu mmoja kufungua ukurasa mmoja. Hata kila moja ikichukua milisekunde 2 tu kwenda na kurudi ushapoteza zaidi ya sekunde moja na nusu kabla hata PHP haijaanza kuchora, na kama databezi iko kwenye mashine nyingine ndo usiseme. Mwanzoni ulikuwa unaruka kwa sababu ankara zilikuwa kumi.

Dawa yake ni kuiambia Eloquent mapema kwamba utahitaji nini: `Ankara::with(['mteja', 'malipo'])->get()`. Hapo zinatoka kwiri tatu, ya ankara, ya wateja wote wanaohusika kwa pamoja, na ya malipo yote kwa pamoja. Kutoka 801 mpaka 3, seva ile ile, bosi yule yule.

Halafu jiulize kama kweli unahitaji malipo yenyewe au unataka tu jumla yake. Wengi wanaleta rekodi zote za malipo ili wazijumlishe kwenye PHP, wakati databezi ndo kazi yake hiyo. Andika `Ankara::withSum('malipo', 'kiasi')` na kila ankara itakuja na `malipo_sum_kiasi` tayari. Kama ni idadi, kuna `withCount`. Na hapa kuna mtego mdogo wa mabano ambao umenila mimi mwenyewe siku nzima zamani: `$ankara->malipo->count()` inabeba rekodi zote kuja kwenye memori ndo inazihesabu, `$ankara->malipo()->count()` inaiuliza databezi namba tu. Tofauti ni mabano mawili.

Ukimaliza hapo weka hii kwenye `boot` ya AppServiceProvider: `Model::preventLazyLoading(! app()->isProduction());`. Ipo tangu toleo la 8. Ukisahau `with` wakati unatengeneza itakupigia kelele na kosa jekundu palepale kwenye mashine yako, na kwenye laivu itanyamaza ili wateja wasipate usumbufu. Pia sakinisha Debugbar au Telescope, vifurushi vya kuchungulia mfumo unafanya nini, uwe unaona idadi ya kwiri kwa kila ukurasa, na hizo ankara 400 zigawe kurasa kwa `paginate(50)`, hakuna binadamu anayesoma ankara 400 kwa mpigo.

Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa chuo, Morogoro. Nimetengeneza modeli nikaiita Mwanafunzi, nikaunda tebo ya wanafunzi, lakini Laravel inalalamika kwamba tebo ya "mwanafunzis" haipo. Wenzangu wananiambia niandike kila kitu kwa Kiingereza tu niachane na haya. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Sio kweli, na nimefurahi sana umeuliza. Laravel ikiona modeli haijatajiwa tebo inabuni yenyewe jina la wingi, na inabuni kwa kanuni za Kiingereza ambazo wingi unakaa mkiani. Sisi wingi wetu unakaa kichwani, mwanafunzi wanafunzi, mkopo mikopo, kiti viti, na kuna majina kama bidhaa ambayo hayabadiliki kabisa. Ndo maana unapata mwanafunzis, mkopos, bidhaas. Unaweza kuihamishia kanuni za Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kituruki au Kinorwe, Kiswahili bado hakipo kwenye orodha, na mtu anayejua ngeli vizuri na PHP vizuri akilifanyia kazi hili atakuwa ametusaidia wengi.

Kwa sasa mstari mmoja unatosha, ndani ya klasi weka `protected $table = 'wanafunzi';` basi imeisha. Usibadilishe lugha ya mfumo mzima kwa sababu ya mstari mmoja. Kama watumiaji, mwalimu mkuu na mhasibu wote wanaongea kuhusu ada na mikondo na mihula, modeli ikiitwa `Mkondo` hakuna anayepotea kwenye kutafsiri. Kitu ninachokukataza ni kuchanganya, leo `mteja_name` kesho `jina_la_customer`, hapo utajitesa. Zile `created_at` na `updated_at` ziache zilivyo, vifurushi vingi vya nje vinazitegemea.

Kuhusu funguo za uhusiano mambo yako salama, Laravel haitumii wingi hapo. Darasa likiwa na `hasMany` ya wanafunzi itatafuta `darasa_id`, ambayo ndo ungeandika hata we. Kwa `belongsTo` inaangalia jina la fanksheni yenyewe, kwa hiyo ukiiita fanksheni `mlezi()` huku modeli ni `Mzazi` itatafuta `mlezi_id`, sio `mzazi_id`, na hapo watu wengi wanapata jibu tupu bila kosa lolote wanabaki kushangaa. Ukitaka jina tofauti itajie ufunguo mwenyewe kama kigezo cha pili. Na ile tebo ya katikati ya kuunganisha wengi kwa wengi inachukua majina mawili ya umoja kwa mpangilio wa alfabeti, Kozi na Mwanafunzi inakuwa `kozi_mwanafunzi`, k inatangulia m.

Hodi humu. Nafundisha sekondari Tabora na ndo natunza mfumo wa shule. Tulituma SMS kwa wazazi 1,000 kuwakumbusha mkutano, msimbo ulimaliza bila kosa lolote, ila wazazi kama nusu wakasema hawajapata. Nimeangalia salio la SMS kweli limekatwa nusu tu. Natumia chunk, ile ya kuleta rekodi kwa mafungu, ya mia mia, nikimaliza mtu namuwekea ametumiwa = true.

Karibu mwalimu. Sio "kama nusu", ni nusu kamili, 500, na naweza kukuonyesha kwa vidole. Kwiri yako inasema niletee wazazi ambao `ametumiwa` ni false, mia mia. Mia ya kwanza inakuja, unawatumia, unawawekea true. Sasa wamebaki 900 kwenye orodha ya wasiotumiwa. Halafu `chunk` inakwenda ukurasa wa pili, yaani inaruka 100 za mwanzo, lakini zile 100 za mwanzo sasa ni watu wapya ambao hawajatumiwa! Wamerukwa. Unatuma mia nyingine, wamebaki 800, inaruka 200. Inaendelea hivyo mpaka umetuma mara tano, wamebaki 500, inaruka 500, inakuta hakuna mtu, inafunga na kukwambia kazi imeisha. Hakuna kosa kwenye logi kwa sababu kila kwiri ilikuwa sahihi, ila orodha ilikuwa inasogea chini ya miguu yako.

Badilisha iwe `chunkById`. Hiyo hairuki kwa kuhesabu, inakumbuka ID ya mwisho iliyoshika na kuomba zilizo juu yake, kwa hiyo hata orodha ikipungua haina shida. Kanuni yangu ni hii, ukiwa unabadilisha kolamu ile ile unayoichujia, `chunk` ya kawaida usiiguse. Wale 500 waliobaki bado wana false, ukiendesha upya na `chunkById` watapata wao tu, hakuna atakayepata mara mbili.

Na angalia kitu kimoja zaidi mwalimu, namba za simu. Kama kolamu ya simu uliiweka kuwa namba, ile sifuri ya mbele imeshapotea na baadhi ya wazazi hawatapata SMS milele. Simu ni maandishi, sio namba, hakuna mtu anayejumlisha simu. Iweke `string`, halafu kwenye modeli weka `Attribute` ya kusafisha kabla ya kuhifadhi, 07 na +255 na nafasi nafasi zote ziingie kwa mtindo mmoja wa 255.

Sasa mkuu, nasimamia mfumo wa chama chetu hapa Nakuru. Jumapili ya mkutano wanachama wote wanatuma michango kwa simu karibu dakika moja. Jioni salio la chama kwenye mfumo linakuwa chini ya pesa zilizoingia, na kuna mwanachama mmoja mchango wake ulirekodiwa mara mbili. Mweka hazina ameanza kuangaliwa vibaya na hana kosa. Nisaidie tafadhali.

Hili swali limeniuma kwa sababu kuna mtu jina lake linaharibika kwa mistari miwili ya msimbo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Najua umeandika hivi: `$chama->salio = $chama->salio + $kiasi; $chama->save();`. Kwa mtu mmoja mmoja iko sawa. Sasa salio ni 50,000, mama mmoja ametuma 2,000 na mzee mmoja 3,000 sekunde ile ile. Ombi la kwanza linasoma 50,000. La pili nalo linasoma 50,000, kwa sababu la kwanza bado halijahifadhi. La kwanza linaandika 52,000, la pili linaandika 53,000. Ilitakiwa 55,000. Zile 2,000 hazijaibiwa na mtu, zimefutwa na modeli iliyokuwa imeshika namba ya zamani mkononi. Mwonyeshe mweka hazina hesabu hii na mkutanoni waonyeshe wote, leo hii, kabla hata hujarekebisha.

Kurekebisha, kwanza kabisa, tumia `$chama->increment('salio', $kiasi)`. Hapo hesabu inafanyika ndani ya databezi yenyewe, inaambiwa ongeza 2,000 kwenye kilichopo, haiambiwi andika 52,000, kwa hiyo hata wakija ishirini kwa pamoja kila mmoja anaongeza lake. Ila mimi kwa chama ningeenda mbali zaidi, tebo ya michango ndo iwe ukweli wenyewe na salio upate kwa `sum('kiasi')`, chama hakina michango mamilioni mpaka kujumlisha kuwe kuzito. Salio lililoandikwa pembeni siku zote linaweza kuachana na vitabu.

Kwenye kutoa pesa `increment` na `decrement` hazitoshi kwa sababu kule unatakiwa kuangalia kwanza kama zinatosha. Funga kila kitu ndani ya `DB::transaction`, yaani yote yafanikiwe au yote yafutwe, na akaunti uilete kwa `lockForUpdate()`, hapo wa pili atasubiri wa kwanza amalize ndo asome salio, atasoma la kweli. Na kama databezi yako ni MySQL, hakikisha tebo zako ni za aina ya InnoDB. MySQL imeifanya InnoDB kuwa ya kawaida tangu toleo la 5.5 mwaka 2010, lakini tebo za zamani zilizohamishwa hamishwa unaweza kukuta bado MyISAM, na MyISAM haina transaksheni kabisa, utaandika msimbo mzuri na hautakulinda hata kidogo bila kukwambia.

Sasa huyu aliyerekodiwa mara mbili. Mifumo ya malipo ya simu ikikutumia taarifa na isipopata jibu lako haraka inaweza kuituma tena, hiyo ni kawaida na ni lazima ujipange nayo. Kila muamala una namba yake ya risiti. Hiyo kolamu iwekee `unique()` kwenye maigresheni (faili linalounda tebo), halafu rekodi kwa `firstOrCreate(['risiti' => $risiti], [...])`. Usitegemee `firstOrCreate` peke yake ukadhani umelindwa, yenyewe inaangalia kwanza ndo inaingiza, na katikati hapo kuna mwanya, anayeziba mwanya ni ile indeksi ya `unique` ya databezi. Modeli inaomba kwa adabu, databezi ndo inakataa.

Halafu pesa isiwe `float`, kwenye PHP 0.1 + 0.2 haitoki 0.3 kamili, na hizo chembe zikikusanyika mwaka mzima utatafuta senti kumi usiku kucha. Weka `decimal` au weka senti kama namba nzima. Na wasomaji wa Tanzania mnisikie, msitumie `integer` ya kawaida kwa jumla za shilingi yetu, mwisho wake ni 2,147,483,647, yaani bilioni mbili na kidogo, duka kubwa la jumla linafika hapo bila shida. `bigInteger`.

Assalaam aleikum kaka. Niko Unguja, nimefanya mfumo mdogo wa kuweka nafasi za wageni. Juzi nimekuta mtu nisiyemjua ana haki za admin na hakuna aliyempa. Naogopa hata kulala. Kapitia wapi?

Waaleikum salaam dada yangu. Tulia kwanza, tufanye kwa mpangilio. Sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, orodhesha wote walio admin kwa `User::where('ni_admin', true)->get()`, wasiojulikana waondolee, badilisha nywila za wanaojulikana na ufute seshini zote ili kila mtu aingie upya.

Njia aliyopita karibu hakika ni fomu ya kujisajili. Umeandika `User::create($request->all())` na kwenye modeli umeweka `$guarded = []` kwa sababu Laravel ilikuwa inakusumbua kuhusu kolamu zisizoruhusiwa. Fomu yako ina jina, barua pepe na nywila tu, lakini anayetuma hana lazima atumie fomu yako, anaweza kuongeza `ni_admin=1` kwenye ombi lake na modeli ikaimeza kwa mkupuo pamoja na mengine. Usijilaumu sana, mwaka 2012 GitHub yenyewe iliingiliwa kwa tundu la aina hii hii, wao wanatumia Rails, fremuweki ya lugha ya Ruby, kijana mmoja wa Urusi anaitwa Egor Homakov aliongeza ufunguo wake kwenye mradi wa Rails kuonyesha kwamba tundu lipo.

Rudisha `$fillable` na uandike kolamu ambazo mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kujaza, `ni_admin` isiwemo humo. Badala ya `$request->all()` tumia `$request->validated()`, na haki za admin ziwekwe kwa mkono, `$mtu->ni_admin = true; $mtu->save();`, sehemu moja tu ya mfumo ambayo admin mwingine ndo anaweza kuifika. Ukishamaliza angalia na upande wa kutoka, modeli ukiirudisha kama JSON (maandishi ya data yanayosomwa na programu nyingine) inatoa kolamu zote isipokuwa zilizo kwenye `$hidden`. Kama umeongeza namba za pasipoti za wageni na hukuziweka humo, zinatoka nje kila siku.

Mambo vipi. Mfumo wa mgahawa Arusha, tunafunga saa nane usiku. Ripoti ya kila siku haiendani na daftari la keshia, mauzo ya usiku yanaonekana ya jana yake.

Poa. Laravel ikija inahifadhi saa kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo bia iliyouzwa saa saba usiku ya tarehe 2 imeandikwa saa nne usiku ya tarehe 1. Chochote kati ya saa sita na saa tisa usiku kinaangukia jana. Acha UTC ilivyo, we tengeneza mipaka ya siku kwa saa za kwetu halafu uigeuze, `now('Africa/Dar_es_Salaam')->startOfDay()->utc()`, na uchuje kwa `whereBetween`. `whereDate` iache, pamoja na kukosea siku inaifanya databezi ishindwe kutumia indeksi ya `created_at`.

Ila kabla ya yote muulize keshia siku yake inaanza saa ngapi. Kama mnafunga saa nane usiku nadhani yeye mauzo ya saa saba anayaandika kwenye ukurasa wa zamu iliyoanza jioni, sio tarehe mpya, na kama ni hivyo siku ya mgahawa inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake, na mipaka ya kwiri yako iwe hiyo.